Nusu ya Juu ya Mama wa Mtungi

Jumatatu, 2 Machi

Nukta ametia kitana changu ndani ya birika sasa hivi, akafunika, akajipigia makofi. Ana miaka miwili na miezi tisa, na hiyo ndiyo kazi yake hapa duniani: chochote chenye mdomo lazima akilishe. Jana ilikuwa kijiko ndani ya kiatu. Juzi kitunguu ndani ya chupa ya chai ya bibi yake, na chai ikanywewa hivyo hivyo na mimi, maana bibi yake aliikataa. Kutoa hatoi. Anatia tu, halafu anasahau.

Daftari hili nimepewa leo kazini. Daktari ametugawia watumishi wote, moja moja, na kalamu. Huyu si daktari wa sindano, ni wa kusoma, ndiye mkuu wa makumbusho ya sanaa ya kale ya chuo, ninapofanya usafi. Makumbusho yanatimiza miaka hamsini mwezi wa tano na yeye anaandika kitabu cha historia yake. Akasema kila mtu aandike anachokiona kazini, naye atayakusanya madaftari mvua zikiisha. "Hata wewe, Mama Nukta. Usiogope makosa, andika unavyoongea."

Mimi niliishia darasa la sita. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia andika. Nimefurahi mpaka nimekosea njia ya kurudi nyumbani.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua zimeanza na mama mkwe naye ameanza.

Tunaishi naye vyumba viwili, mimi, yeye na Nukta. Mume wangu yuko kwenye kazi ya barabara mbali, anarudi mara mbili kwa mwaka. Mama mkwe ndiye anayekaa na Nukta nikiwa kazini, na kila jioni ananikabidhi mtoto kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka.

Leo amesema, "Magoti yangu yamekwisha. Mvua zikikatika huyu anakwenda kwa shangazi yake. Nimeshampigia simu."

"Mama, kwa wifi ni safari ya siku mbili."

"Kwani anakwenda kwa miguu?"

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Mama keshasema, mimi nitasema nini?"

Nimebaki na njia moja tu. Chuo kina chekechea yake, ng'ambo ya uwanja, ina bembea na mlango wa bluu. Wanapokea watoto wa watumishi wa kudumu peke yao. Mimi niko kwenye majaribio ya miezi sita, yanaisha tarehe 15 Mei. Daktari akiniandikia vizuri, nitakuwa wa kudumu na Nukta atabaki kwangu. Asiponiandikia, ataitwa mtoto wa shangazi, na akirudi ataniamkia kama mgeni.

Ndiyo maana nasugua sakafu hivi ninavyosugua.

Jumatano, 11 Machi

Niandike makumbusho basi, maana ndiyo niliyoambiwa.

Ni jengo la zamani la maktaba. Juu ni ukumbi wa maonyesho, chini ni karakana. Mwanzilishi wanamwita Marehemu Mwalimu. Alianza na vyumba viwili na masanduku ya vigae vya mitungi ambavyo wachimbaji walivitelekeza. Akaviunga kimoja kimoja kwa gundi ili wanafunzi wake waone mtungi badala ya kusimuliwa mtungi. Penye pengo alijaza plasta, akapaka rangi.

Mashuhuri kuliko vyote ni Mama wa Mtungi. Ni mwanamke mweusi kwenye udongo mwekundu, ana jicho refu na ndege kiganjani. Wanasema ana miaka elfu mbili na mia tano. Yuko kwenye karatasi za barua, yuko getini, yuko hata kwenye koti langu la kazi, hapa kifuani. Nukta akinyonya alikuwa anamshika huyo ndege.

Karakana ni ya Bi Gundi. Hilo si jina lake, lakini hata barua zake zinakuja hivyo. Alikuwa mwanafunzi wa mikono wa Marehemu Mwalimu, sasa ana nywele nyeupe na vidole vimekauka kama magome. Mimi hajawahi kuniita mama fulani. Ananiita "wewe wa maji."

Siku ya kwanza alinishika kiwiko, akanipeleka mlangoni pa ukumbi, akanionyesha ukanda wa shaba uliopigiliwa sakafuni. "Ndoo yako inaishia hapa. Kitambaa kibichi kinaishia hapa. Huko ndani ni brashi na kikavu. Ukivuka na tone moja nitakujua."

"Nimeelewa, Bi."

"Hujaelewa. Waliokutangulia kusema wameelewa ni wengi."

Kuna desturi moja ya watu wa karakana naipenda. Kila chombo kilichoungwa kina kikaratasi ndani yake, kimekunjwa na kufungwa uzi. Aliyeunga anaandika humo kipi ni cha kale na kipi ni cha mkono wake. Nikipangusa vumbi vile vya rafuni, navisoma. "Mkono wa kushoto ni wangu." "Hapa sikujua, nimeacha wazi." Wino wa kahawia, herufi zinalala kama majani kwenye upepo. Ndiyo shule yangu ya pili. Cha Mama wa Mtungi sijakisoma, nakiona tu kupitia kioo, shingoni mwa mtungi. Kabati lake lina kufuli, na ufunguo anao Daktari peke yake.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Ndoo tatu chini ya dari, zote upande wetu wa ukanda wa shaba. Bi Gundi amezihesabu.

Alhamisi, 26 Machi

Mama mkwe ameamka na magoti. "Leo simshiki mtu." Nikambeba Nukta mgongoni, nikamfunika na koti la mvua, nikaomba kwa Mlinzi wa getini. Ni mcheshi, anamwita Nukta mchumba. "Pita upesi, mimi sijaona kitu, nimeona nundu tu." Nikamweka Nukta kwenye stoo ya mifagio na vifuniko vya chupa vya kuchezea.

Leo wamepiga picha za kitabu. Daktari amefungua kabati la Mama wa Mtungi mwenyewe. Mpiga picha alimsubiri sana, maana Daktari alisimama ametupa mgongo, ameinamia mtungi muda mrefu. Mpiga picha akauliza, "Kuna tatizo, Daktari?" Akasema, "Vumbi tu."

Mchana nimemwaga kapu la ofisi yake. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja huwa nazichukua, Nukta anachora upande wa pili. Leo zilikuwa nyingi. Yeye amechagua kibonge kimoja kidogo kilichofinyangwa, amekishika njia nzima, hataki nikiguse.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika nimekaa kwenye ndoo, stoo, saa saba mchana. Mwandiko umeharibika, mtakaosoma mnisamehe.

Magoti yalikuwa hayajapona, kwa hiyo nilikuja na Nukta tena. Nilimweka stoo, nikachukua brashi, nikaingia ukumbini. Nikasikia tone. Si la ndoo, la ndoo nalijua. Hili lilikuwa na sauti fupi.

Dari lilikuwa limepasuka juu ya kabati la Mama wa Mtungi. Na mlango wa kabati ulikuwa wazi kiasi cha vidole vitatu. Jana hakuufunga. Maji yalikuwa yanapenya hapo, yanadondoka begani kwa mtungi, yanateremka kwenye jicho lake.

Nikaita, hakuna mtu. Daktari hajafika, Bi Gundi yuko chini na mashine yake ya vumbi inanguruma. Kitambaa changu kikavu nilikuwa nimekiacha stoo pamoja na brashi nyingine. Begani nilikuwa na nepi ya Nukta, safi, imefuliwa jana, lakini kwa mvua hizi nepi haikauki ikakauka. Sikufikiria. Mtoto akimwagikiwa usoni unampangusa, ndivyo mkono wangu unavyojua. Nikampangusa.

Jicho likabaki kwenye nepi.

Nikasema hapana, nikageuza kitambaa, nikagusa polepole penye shavu, na shavu likatoka. Chini yake palikuwa peupe. Nilisimama nimeshika nepi yenye jicho, na yule mwanamke ananitazama bila uso, na ndege nusu.

Nukta alikuwa ametoka stoo. Alisimama kwenye ukanda wa shaba, hakuvuka. Akasema, "Mama, dada kaoga."

Bi Gundi ndiye aliyefika kwanza. Hakupiga kelele. Aliangalia nepi, akaangalia mtungi, akaangalia mtoto. Akasema, "Tone moja nilisema. Wewe umeleta mto."

Halafu Daktari. Yeye huwa anaongea kwa upole, ndiye aliyeniambia usiogope makosa. Leo alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya kahawa. "Miaka elfu mbili na mia tano," akasema. "Vita vimempitia, mafuriko yamempitia, ameungua mara mbili. Umemmaliza wewe, kwa nepi."

Nikasema, "Daktari, kabati lilikuwa wazi."

"Lilikuwa limefungwa."

"Lilikuwa wazi, maji—"

"Unaniambia mimi sifungi kabati langu?"

Nukta alinishika mguu, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Jumatatu, 30 Machi

Nimepewa barua. Nisiguse kazi ya ukumbini, nisafishe vyoo na ngazi mpaka kikao cha nidhamu, tarehe 30 Aprili. Juu ya karatasi yupo Mama wa Mtungi, mzima, na jicho lake.

Alhamisi, 2 Aprili

Hakuna anayenisalimu isipokuwa mabomba.

Jumatano, 8 Aprili

Nimejua leo kwamba Mlinzi ameandika kwenye daftari lake la getini: "Tarehe 26 na 27 mtoto aliingizwa kwa siri." Na Daktari sasa anasema huenda mtoto ndiye aliyefungua kabati. Nilikwenda getini nikamwuliza.

"Ulisema hujaona kitu."

"Nilisema kabla hakijaharibika kitu."

"Ungenikataza basi. Ningerudi naye nyumbani."

"Mama Nukta, wewe una mtoto mmoja, mimi nina wanne. Pita, unanizibia gari."

Nilimpenda yule mtu kwa vichekesho vyake. Sasa nikivikumbuka naona vyote vilikuwa vya kunipitisha haraka.

Jumanne, 14 Aprili

Nilikuwa nasugua ngazi za karakana, nikasikia wanagombana ndani, Bi Gundi na Daktari. Sikutega sikio, sikio lenyewe lilikuwa hapo.

Bi Gundi: "Ile ni plasta. Nimeikwaruza kwa ukucha. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni plasta tupu na rangi ya maji."

Daktari: "Ni udongo wa kale uliolainika."

"Udongo haulainiki ukatoka unga mweupe. Nimeshika plasta tangu wewe unanyonya."

"Una cheti gani, Bi Gundi?"

Halafu Daktari, kwa ule upole wake: "Unastaafu mwakani. Usijisumbue. Kikaratasi kingekuwepo tungejadili. Umekiona?"

"Sijakiona."

"Basi."

Alitoka akaniruka mimi na maji yangu. Niliingia ndani bila kubisha hodi, mara ya kwanza.

"Bi, kikaratasi kilikuwepo. Nilikuwa nakiona kwenye kioo."

Hakugeuka. "Ulikisoma?"

"Sikukisoma."

"Basi sote wawili hatuna mdomo. Marehemu Mwalimu aliunga ule mtungi mimi sijafika, akaufungia mwenyewe. Sisi hatusemi cha kale na kisicho cha kale kwa kukumbuka. Tunasema kwa kikaratasi. Nikianza leo kusema bila hicho, vikaratasi vyote humu ndani vitakuwa vya kufungia karanga."

"Lakini unajua ni plasta. Wanasema nimeua kitu cha kale, Bi. Watanifukuza, na mtoto wangu atapelekwa mbali."

"Kwani nilikutuma uvuke na maji?" Sasa aligeuka. "Kiwe cha kale, kiwe cha juzi, ulivuka. Usinililie humu, unyevu unaharibu gundi."

Nimemchukia mchana wote. Hata hivyo nimeona amefunika Mama wa Mtungi kwa shuka, kama mtu anayemfunika mgonjwa aibu.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama mkwe ametoa begi dogo la Nukta juu ya kabati, ametia gauni mbili. Nikazitoa. Akazirudisha. Nukta ametia kiatu kimoja cha bibi yake, begi likafungwa hivyo.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo si kazini, nilikuwa nafua. Mama mkwe alikuja uani ameshika chupa ya chai, ile nzuri ya wageni anayoitoa mara moja kwa mwezi.

"Mwanao," akasema. "Njoo uone mwanao."

Alipindua chupa ndani ya karai. Vikatoka vifungo viwili, maharage, kifuniko cha soda, na kibonge cha karatasi.

"Wageni wangu wanakuja saa kumi. Niwamiminie nini? Vifungo?"

"Nisamehe, mama, nitaiosha."

"Huko kwa shangazi yake atafunzwa." Akaokota kibonge kuwashia jiko. Akakinyoosha kwanza, maana kibonge hakishiki moto vizuri, na mimi nikaona wino wa kahawia.

Nikasema, "Mama, nipe hiyo."

"Karatasi ya taka?"

"Nipe, nakuomba." Nadhani nilipiga magoti, maana sabuni ilinilowesha mpaka mapajani.

Aliniangalia, akaiangalia karatasi. Yeye hasomi. Nilijua kwamba akitaka kunikomoa, hana haja ya kuelewa, anahitaji kusogeza mkono tu. Jiko lilikuwa hatua mbili.

Akasema, "Hiyo ndiyo ya kazi yako?"

"Nadhani ndiyo, mama. Nadhani ndiyo yenyewe."

"Ya yule mwanamke asiye na uso, uliyemlilia mwezi mzima ukaninyima usingizi."

"Ndiyo."

Akaitupa kwenye mapaja yangu. "Shika. Na chupa ioshe mara mbili, sitaki wageni wakute nywele."

Naiandika hapa kama ilivyo, isije ikapotea tena:

"Mtungi huu. Miguu na sketi ni vya kale. Kuanzia kiunoni kwenda juu hapakuwa na kitu. Uso, mkono na ndege ni plasta na rangi ya maji, nimevibuni mimi ili wanafunzi wapate kumpenda. Atakayekuja asiogope kuvifuta. Asimdanganye mtu."

Nimesoma mara tano. Halafu nikahesabu siku nyuma. Kibonge alichokishika Nukta njia nzima kilitoka kwenye kapu la Daktari, siku ya picha. Alisema ni vumbi tu. Hakuchana wala hakuchoma, alifinyanga akatupa. Alijua kapu lake linamwagwa na nani, na hakudhani huyo mtu husoma anachomwaga.

Mimi niliyekuwa namwombea kila asubuhi kwa ajili ya daftari na kalamu.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimempelekea Bi Gundi. Aliisoma kwa miwani, akaisoma bila miwani. Akainusa wino. Alikaa chini kwenye kigoda, na nikadhani atalia, lakini alisema, "Kimetoka wapi?"

Nikamweleza kapu, nikamweleza chupa ya chai.

"Nani atakuamini? Atasema umekichomoa wewe, ukijua umeharibu."

"Nilikuwa nimeandika, Bi. Siku ile ile, kabla ya yote. Kwenye daftari alilotugawia yeye."

"Umeandika nini?"

Nikamsomea tarehe 26. Aliniomba nirudie penye kibonge. Halafu akasema, "Na mimi umeniandika humo?"

"Ndiyo, Bi."

"Vibaya?"

"Ndiyo, Bi."

"Vizuri. Lete kikaoni."

Alhamisi, 30 Aprili

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha meza ndefu. Makamu Mkuu wa chuo alikuwa katikati, mama mnene, mpole wa sura, ana miwani ya kamba. Daktari kulia kwake. Mlinzi mlangoni na daftari lake la geti. Mimi mwisho wa meza, na Mama wa Mtungi mbele yetu sote, kafunikwa shuka.

Daktari alisoma kurasa tatu. Uzembe, mtoto, hasara ya taifa na ya dunia. Mlinzi alisoma tarehe zake mbili. Hakuniangalia.

Makamu akaniuliza, "Ulivuka na kitambaa kibichi?"

"Nilivuka, mama."

"Ulijua hairuhusiwi?"

"Nilijua. Na mtoto nilimleta, hilo nalo ni kweli."

Daktari akafunga faili lake. Ndipo Bi Gundi akasimama, na hakuomba ruhusa. Aliweka kikaratasi mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Huu ni mkono wa Marehemu Mwalimu. Niliuona miaka thelathini na saba, sihitaji cheti kuujua."

Makamu akasoma kwa sauti. Alipofika penye "nimevibuni mimi," mjumbe mmoja wa kikao alicheka kidogo, halafu akaona hakuna anayecheka naye.

Daktari akasema, "Karatasi hii imetokea leo? Baada ya mwezi? Kwa bahati gani?"

Bi Gundi akanionyesha kwa kidevu. "Wewe wa maji. Soma."

Sijawahi kusoma mbele ya watu tangu darasa la sita. Nilisoma tarehe 26 yote, na magoti ya mama mkwe, na nundu ya Mlinzi, na Daktari ametupa mgongo. Sauti ilikuwa inakwama kama gari kwenye tope. Nilipomaliza, Makamu akasema, "Rudia hapo pa kapu." Nikarudia. Akachukua daftari, akafunua nyuma na mbele, akaona kalamu ni ile ile na mistari haikuachwa nafasi.

"Daktari, daftari hili ulimpa wewe?"

"Nilimpa aandike kumbukumbu za kazi."

"Na hizi ni za nini?"

Alisema hakumbuki kikaratasi. Alisema mezani kwake hupita karatasi nyingi. Alisema kitabu cha historia kiko tayari kwa mchapaji, na jalada lake ni Mama wa Mtungi, na wageni wamealikwa. Kila neno lilikuwa la upole. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, inafinyanga kona ya faili.

Makamu akamgeukia Bi Gundi. "Kwa hiyo huyu binti hana kosa?"

"Ana kosa," Bi Gundi akasema. "Hakujua kama ni plasta au ni cha kale. Ungekuwa uso wa kale wenye rangi dhaifu, ungekwenda na nepi vile vile. Asirudi juu, simtaki juu."

Moyoni nilimwona Nukta dirishani mwa basi la kwenda kwa shangazi yake.

"Nipeni chini. Karakana ndiko maji yanakoruhusiwa. Anasoma mwandiko wa Marehemu bila kubahatisha, na vikaratasi mia nne na kitu havijawahi kunakiliwa hata kimoja. Mimi nastaafu mwakani. Daktari ameandika historia ya miaka hamsini, na ndani ya kitabu hicho karakana ina mistari miwili. Nimehesabu."

Nje, kwenye ngazi, nikamshika mkono kumshukuru. Akauchomoa. "Sikufanya kwa ajili yako. Kanawe hiyo mikono, ina sabuni."

Jumanne, 5 Mei

Hakuna jibu. Mvua imepungua, begi liko mlangoni.

Jumatatu, 11 Mei

Barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza ni onyo kali kwa kitambaa na kwa mtoto, itakaa kwenye faili langu miaka miwili. Ya pili ni ajira ya kudumu, karakana, msaidizi. Imesainiwa na Makamu. Nafasi ya saini ya Daktari iko wazi.

Daktari amebaki mkuu. Tukikutana kwenye korido ananipita kama napitwa na upepo. Ujumbe ametuma kwa karani: daftari langu halihitajiki tena kwenye kitabu. Sawa. Sasa ni langu.

Mama mkwe nilimsomea barua ya pili. Akasema, "Kwa hiyo magoti yangu yatapumzika humu humu." Akatoa gauni mbili kwenye begi, akatafuta kiatu chake.

Alhamisi, 14 Mei

Nukta ameingia chekechea leo. Mlango wa bluu. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Mwalimu wake ameshaniambia, "Mama, huyu ametia chaki zote ndani ya kopo la maji," nikamwambia ndiyo hali yake, achunguze viatu kabla ya kuvaa.

Sherehe ya miaka hamsini ni kesho. Mama wa Mtungi atarudi kabatini kama alivyo: miguu na sketi ni vya kale, na juu tumejaza plasta nyeupe, tupu, bila jicho wala ndege. Bi Gundi amekataa apakwe. Wageni wataona mwanamke asiye na kichwa, na getini ataendelea kutabasamu. Mlinzi kaniuliza nani ataeleza hiyo. Nikamwambia itaelezwa na kikaratasi.

Bi Gundi kaniambia nikiandike mimi. Cha Marehemu Mwalimu kitarudi ndani, na changu kitafungwa juu yake kwa uzi mmoja. Nimeshakula nusu saa, nafanyia mazoezi hapa kwanza: "Uso uliokuwepo ulifutwa mwaka wa hamsini wa makumbusho, kwa nepi, na mfagizi aliyevuka ukanda akiwa na nia njema. Plasta hii nyeupe ni ya karakana. Aliyeikoroga ni Bi Gundi. Aliyeishika isidondoke ni mimi, na mimi ni"

Ananiita huko kwenye karai, "Wewe wa maji, plasta haimngoji mtu," naja, Bi, naja, bado tu sijaandika jina langu la